Dele, jebena, jezve au kitambaa? Chombo gani kikufae kupikia kahawa nyumbani

Ndugu yangu kanitumia picha tatu saa nne usiku: dele la shaba, jebena nyeusi ya udongo, na kile kijisufuria cha Kituruki chenye mpini mrefu. Chini kaandika "nichukue ipi". Nikamjibu kwa voisi, kuja kushtuka nimeongea dakika 6, na yeye akajibu neno moja tu, "andika". Haya naandika, na nimemuongezea cha nne ambacho hakukitaja kabisa, chujio la kitambaa, maana asubuhi zake nazijua.

Mi ninavyo vyote vinne jikoni na vyote navitumia, kwa hiyo usitegemee nikwambie kimoja ndo baba lao. Nilichokuja kukiona ni kwamba watu wengi wanachagua kwa ladha peke yake, wamekunywa mahali wakapenda, wakanunua, halafu baada ya wiki tatu chombo kiko juu ya kabati kimejaa vumbi. Ladha haikuwa na tatizo. Kilichowashinda ni kusaga, au kusimama jikoni, au kuosha, au mtu kapika ya watu kumi kumbe anakunywa mwenyewe.

Vitu vya kuangalia kabla hujatoa hela

Nitavipima vyote kwa mambo matano yale yale.

*Unga.* Kila chombo kina unga wake, na hapa ndo pagumu kuliko watu wanavyodhani. Kama nyumbani una kinu na mchi tu, kuna chombo hapa kitakukataa.

*Moto na muda.* Dakika ngapi, na je unaweza kuondoka ukavae viatu au lazima usimame pale pale kama unalinda maziwa.

*Mdomoni.* Nzito au nyepesi, ina mashapo au haina, inapokea viungo au viungo vinaiharibu.

*Vichwa.* Inatosha wangapi kwa mpiko mmoja.

*Baada ya kunywa.* Kuosha, kutunza, na ikianguka inakuwaje.

Kuhusu kahawa yenyewe, jua tu kwamba robusta, kama ile ya Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na uchungu wake una misuli, unachemsha mpaka uchoke na bado ipo. Arabika, kama ya Kilimanjaro, ina harufu na uchachu fulani mtamu ambao ukiitokotesha sana unaupoteza hewani, jikoni kunanukia vizuri ila kikombeni hamna kitu. Hilo likae kichwani tunapoendelea.

Dele

Hii ya pwani kila mtu anaijua, kahawa chungu, vikombe vidogo visivyo na mkono, muuzaji anavigonganisha mkononi na wewe umekaa barazani unabishana mpira. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, watu wanapika siasa kwa kahawa hii hii. Nyumbani mambo ni mepesi zaidi kuliko unavyofikiria.

*Unga.* Dele halina makuu. Unga wa kati, hata wa kutwanga mwenyewe kwenye kinu ambao una chenga huku na vumbi huku, linaupokea. Ndo maana kwa asiye na mashine ya kusagia hapa ni pazuri pa kuanzia.

*Moto na muda.* Kwa lita 1 ya maji mi naweka tangawizi kipande cha kidole gumba, nimekiponda tu sio kukisaga, na iliki kama sita zilizopasuliwa, maji yakichemka na kuanza kunukia ndo natia kahawa vijiko 8 vya chakula, napunguza moto, naiacha itokote pole pole dakika 15 mpaka 20. Unaweza kuondoka. Ukirudi unaepua, unanyunyizia maji ya baridi kama nusu kikombe kidogo, unaiacha dakika tano mashapo yakae chini. Kwenye mkaa ni raha zaidi maana moto unajipunguza wenyewe na dele linabaki la moto, ila gesi ya moto mdogo inafanya kazi hiyo hiyo.

*Mdomoni.* Chungu, moto, tangawizi inakukwaruza koo kwa nyuma. Haina ule uzito wa ki-Turuki ulimini, ni nyepesi kwa unene ila kali kwa uchungu, na ndo maana inataka kitu kitamu pembeni, kashata, halua au tende, sukari ndani ya kikombe wengi hawaitii. Kahawa ya arabika ya gharama, iliyokaangwa kidogo kwa ajili ya harufu, usiilete hapa. Utaichemsha yote iishe na tangawizi itafunika kilichobaki. Leta robusta, au mchanganyiko, iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi.

*Vichwa.* Wengi. Lita 1 kwa vikombe vile vidogo ni kama 15 hivi, kwa hiyo ni chombo cha wageni, cha msiba, cha mechi. Kwa mtu mmoja linaonekana kama kuwasha basi kwenda dukani.

*Baada ya kunywa.* Suuza, geuza, basi. Ila angalia ndani: dele la shaba linatakiwa liwe limepakwa bati ndani, ukiona rangi ya shaba yenyewe imeanza kutokeza usiendelee kulipikia, kahawa ina asidi na inachubua shaba, peleka likapakwe upya. Likianguka linabonyea tu.

Jebena

Sasa hapa nitakaa kidogo maana hiki sio chombo tu, kina mambo yake. Ethiopia na Eritrea ndo kwao. Ni chungu cha udongo chenye tumbo la mviringo na shingo ndefu nyembamba, na arabika yenyewe asili yake ni misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, kwa hiyo hawa watu wamekuwa na muda wa kutosha kujua wanachofanya.

*Unga.* Kwa desturi unaanza na buni mbichi. Unaziosha, unazikaanga kwenye kikaango juu ya moto wa kati ukiwa unazitikisa bila kupumzika, zinakuwa za njano, zinanukia kama nyasi zilizokauka kisha kama mkate, halafu zinaanza kupasuka ta, ta, ta kama bisi. Makapi membamba yanapeperuka. Hapo ndo umakini, ukisubiri rangi unayoitaka ndani ya kikaango umechelewa, zinaendelea kujikaanga kwa joto lake zenyewe, kwa hiyo toa zikiwa zimepungua rangi kidogo kuliko unavyotaka umwage kwenye ungo na upepete. Moshi upo, fungua madirisha. Nilishakaanga siku moja nguo ziko kwenye kamba jirani na dirisha la jikoni na wiki nzima nilinuka kama muuza kahawa. Baada ya hapo unatwanga kwenye kinu, unga wa kati kwenda laini, haihitaji kuwa poda. Kama huna muda nunua iliyokaangwa, jebena haitakushtaki, ila ujue nusu ya utamu wake ni ile harufu ya kukaanga inayozunguka wageni.

*Moto na muda.* Maji ndani ya jebena, yakichemka unatia unga kwa shingo, unarudisha motoni na unaangalia mdomo wa shingo. Inapanda. Ikifika juu unamimina kidogo kwenye chombo kingine, ikitulia unairudisha, mara mbili tatu. Kisha unaepua na kuikalisha kwa kuinamisha kwenye kitu kama ngata ile ya kubebea ndoo kichwani, wao pia wana duara lao la kusuka la kazi hiyo, mashapo yanazama tumboni na ile shingo nyembamba inayazuia yasitoke. Wengine wanaziba mdomo kwa nyuzi za manyoya ya farasi kama chujio.

Kuna kitu kidogo hapa kilinichukua muda kukielewa. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na maji kule yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, kwa hiyo jebena yao ikipanda haijaunguza kahawa. Wewe uko karibu na bahari, maji yako yanafika nyuzi 100, ukiiacha itokote kama ulivyoona kwenye video utapata uchungu ambao wao hawana. Ikipanda toa haraka.

Ukijumlisha na kukaanga ni saa nzima, na wao wenyewe wakikaa kikamilifu inazidi, maana unga ule ule unaongezewa maji na kupikwa mara tatu: duru ya kwanza wanaiita abol, ya pili tona, ya tatu bereka, na hiyo ya mwisho ukisikia ni kama "baraka" yetu ndo hivyo hivyo. Kwa buni zilizokwisha kukaangwa na kusagwa, duru moja tu, dakika 20 hadi 25.

*Mdomoni.* Safi kuliko unavyotegemea kwa kahawa ya kuchemshwa, ina mwili, ina harufu, na duru ya kwanza hadi ya tatu unaonja kahawa moja ikipungua ukali taratibu. Arabika ndo mahali pake hapa. Wengine wanaweka tawi la mmea wanaouita tena adam, sehemu nyingine chumvi au siagi. Tangawizi nyingi sikushauri, utakuwa umerudi kwenye dele kwa njia ndefu.

*Vichwa.* Watatu mpaka wanane, na lazima wawe watu wa kukaa. Ukimpikia mtu anayeangalia saa mtaumizana.

*Baada ya kunywa.* Udongo hauna msamaha. Jebena yangu ya kwanza ilidumu siku nne, nilimaliza kumimina, bado ya moto, nikatia maji ya bomba niisuuze, nikasikia "tk" ndogo tu, ufa ukazunguka tumbo lote. Subiri ipoe. Sabuni usiweke, udongo unainywa na kukurudishia kesho. Mpya iloweke, halafu ichemshie mashapo ya zamani mara mbili ili harufu ya tope iishe. Na kabla hujanunua angalia kitako, zile za mviringo kabisa hazisimami kwenye jiko la gesi, na kwenye moto wa gesi weka kipande cha bati kati yake na moto ili joto lisichome sehemu moja.

Jezve

Hii ndo kile kijisufuria cha mpini mrefu. Waturuki wenyewe wanaandika cezve, Wagiriki wana jina lao, Bosnia nao lao na namna yao, huko wanachemsha maji kwanza ndo kahawa inafuata. Utamaduni wa kahawa ya Kituruki uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013, kwa hiyo hatuongelei kitu kidogo japo chombo chenyewe ni kidogo kama kikombe cha kupimia.

*Unga.* Hapa ndo wengi wanaanguka. Unatakiwa uwe poda, ukiusugua kati ya vidole husikii chembe, laini kuliko hata wa mashine za espreso. Blenda haifikishi. Kinu na mchi vinafikisha kama una mikono ya chuma na uko tayari kuchekecha na kurudia, mi nilijaribu mara moja nikaacha. Ama ununue kile kinu cha shaba cha kuzungusha kwa mkono, chembamba kirefu, au ununue unga uliosagwa kwa ajili ya Kituruki. Kama vyote viwili huvipati, ruka hiki chombo usijisumbue.

*Moto na muda.* Dakika 3 mpaka 5, ila zote ni zako. Pima maji kwa kikombe kile kile utakachonywea, kama mililita 65, unga gramu 7, maji ya baridi, na sukari unaitia SASA HIVI kabla ya moto, maana baadaye hukorogi tena. Ndo maana kule mgeni anaulizwa mapema anataka bila sukari, kidogo, ya wastani au nyingi. Unakoroga mpaka ichanganyike, moto mdogo, unasimama. Kwanza haifanyi kitu. Halafu pembeni inaanza kuweka ukingo mweusi unaong'aa, povu linajikusanya kuelekea katikati kama linaziba shimo, linapanda kwa sekunde chache tu. Toa kabla halijafika mdomoni. Ukigeuka kujibu meseji, jiko lote ni kahawa na kikombeni povu hamna, na kahawa hii bila povu mwenyeji wa kule anaona umemdharau.

*Mdomoni.* Nzito kuliko zote nne, karibu kama unakunywa kitambaa cha mahameri, maana unga wenyewe umeelea ndani. Subiri dakika moja au mbili ukae chini, kunywa kwa vifundo vidogo na ukifika theluthi ya mwisho acha, hilo ni tope, wengine wanalifunika kwenye kisosi kusoma bahati. Glasi ya maji pembeni. Iliki kidogo inakubali, tangawizi sijawahi kuipenda humu.

*Vichwa.* Mmoja au wawili. Watu sita wakija utapika mizunguko mitatu na wa kwanza kashamaliza.

*Baada ya kunywa.* Rahisi mno, maji na vidole, mashapo mwaga kwenye taka usiyapeleke kwenye sinki yanaziba. Ya shaba, habari ya bati ni ile ile ya dele.

Kitambaa

Hiki watu wanakidharau kwa sababu kinafanana na soksi, na kweli sehemu nyingi wanakiita soksi. Lakini Costa Rica kinaninginizwa kwenye kistendi cha mbao, Brazil kizazi na kizazi wamekitumia, Malaysia na Singapore ndo kinachotoa kopi yao, ya buni zilizokaangwa na sukari na siagi ya mimea, inayonyweka na maziwa mazito ya kopo.

*Unga.* Chenga kama za sukari. Wa kutwanga unawezekana ila chekecha vumbi, likizidi linaziba kitambaa na maji yanasimama.

*Moto na muda.* Moto ni wa kuchemshia maji tu. Yakichemka subiri nusu dakika, mimina kidogo unga ulowe wote, kahawa ikiwa mpya inavimba na kutoa mapovu, hiyo ni gesi ya kaboni dayoksaidi iliyobaki tangu kukaangwa, isubiri sekunde 30 kisha endelea kumimina taratibu. Gramu 60 kwa lita, dakika 4 umemaliza na shati ushachomekea.

*Mdomoni.* Nyepesi, safi, hamna mashapo, harufu ya arabika inasikika vizuri kuliko kwenye vyombo vyote hapa. Anayetaka kahawa ya kumpiga kofi ataona ni maji ya kuoshea vikombe. Maziwa inayapokea ukiikoleza.

*Vichwa.* Mmoja au kumi, unaongeza tu.

*Baada ya kunywa.* Hapa ndo deni lake lilipo. Kitambaa cha pamba kisicho na rangi, kipya unakichemsha kwanza, kila siku unakisuuza kwa maji matupu bila sabuni, na usikianike kikauke na mafuta ya kahawa ndani, yanachacha. Kitie kwenye bakuli la maji ndani ya friji. Kikianza kunuka kama jambo baya, kitupe usikionee huruma. Mvivu wa kufua, hiki kitakushinda haraka kuliko jebena.

La kolestero, kwa ufupi

Kahawa ya kuchemshwa isiyochujwa, yaani hizo tatu za kwanza, inabaki na mafuta ya buni yenye kitu kinaitwa kafestoli, na hicho kinapandisha kolestero mbaya kwa anayekunywa vikombe vingi kila siku. Kuchuja kunakipunguza, karatasi ndo inakizuia zaidi na kitambaa nacho kinasaidia. Kama daktari keshakwambia habari za kolestero, hili lipe uzito kuliko ladha. Kuhusu kafeini, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilisema miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima na 200 kwa mjamzito hazina shida, na kumbuka vikombe vidogo vinadanganya, watu hawavihesabu.

Sasa wewe uko wapi hapa

Una kinu na mchi tu na watu hawakauki kwako: dele. Hata ukipika vibaya tangawizi itakuficha.

Unaishi peke yako, jioni unapenda kujipa dakika tano za kusimama kimya jikoni, na unga wa poda unaupata: jezve, na hutajuta.

Unatoka saa kumi na mbili asubuhi: kitambaa. Usijidanganye na jebena siku za kazi, nilijaribu, nilichelewa siku tatu mfululizo.

Jumapili ndefu, marafiki ambao simu wameweka chini, buni mbichi nzuri umeletewa na mtu: hapo jebena, na kaanga mbele yao.

Una watoto wadogo wanaokimbia jikoni, jebena iweke mbali, na mpini mrefu wa jezve ugeuzie ukutani.

Una robusta nyeusi ya uchungu, dele. Una arabika iliyokaangwa kidogo, kitambaa au jebena. Jezve inakubali zote mradi ziwe mpya, unga wa miezi sita utakunyima povu hata ufanyeje.

Na kama bado huna uhakika, usinunue chochote, chukua sufuria ndogo yenye mdomo wa kumiminia, pika ya kutokotesha wiki moja na ya kuchuja wiki nyingine, uone ni ipi unairudia bila kujilazimisha.

Ndugu yangu kasoma, kajibu asubuhi. Mashine ya kusagia hana, anaamka akiwa kashachelewa, wageni anapata labda mara moja kwa mwezi. Nimemwambia achukue kitambaa, na ile siku ya wageni aje aazime dele langu. Lile la mwaka jana alilolipeleka kwa shemeji bado nalisubiri.